Ufunguo wa Spoki

Mazungumzo yetu ya juma hili yanahusu kitu kidogo sana. Kinaingia katika mfuko wa shati pamoja na kalamu, na nina hakika wengi wenu mmekiona mara nyingi katika kibanda cha fundi baiskeli bila kujishughulisha kukiuliza jina. Ni kile kipande cha chuma, aghalabu cha mviringo mfano wa sarafu kubwa, chenye mapengo ukingoni, ambacho fundi hukipachika kwenye gurudumu, akakizungusha kidogo, akaliangalia gurudumu kwa jicho moja, kisha akakizungusha tena. Wapo wanaokiita spana ya spoki, na wapo wanaokiita ufunguo wa spoki. Mimi nitatumia jina hilo la pili, na sababu yake mtaiona.

Mwaka 1982 mjomba wangu alikuwa mkulima wa pamba mkoani Shinyanga. Alikuwa na baiskeli moja, ile nyeusi ya inchi 28, aliyoinunua kwa fedha za msimu mmoja mzuri. Wasikilizaji wa umri wangu wanaikumbuka miaka ile. Sabuni ilikuwa adimu, betri za redio zilikuwa adimu, na vipuri vya baiskeli ndiyo usiseme. Siku moja, akiwa amepakia gunia la pamba kwenye keria, mjomba aliingia shimoni. Hakuna kilichovunjika, ila ringi ya nyuma ilipinda, ikawa inakwaruza uma kila gurudumu lizungukapo, mpaka baiskeli ikakataa hata kusukumwa.

Fundi mwenye ufunguo wa spoki alikuwa mmoja tu katika gulio la pale, na gulio lenyewe lilikuwa la mara moja kwa juma. Ufunguo aliufunga kwa kamba kiunoni. Mjomba alimkuta na foleni ya baiskeli, na jua limekwisha kuinama. "Mzee, iache hapa, njoo gulio lijalo," fundi alisema. Mjomba akamwomba amwazime ufunguo autumie pale pale, mbele ya macho yake. Fundi akacheka, wala si kwa kejeli, akamjibu, "Mzee wangu, nikikuazima ufunguo, mimi nitakula nini?"

Kabla ya gulio lililofuata, binti wa mjomba, mtoto wa miaka minne, alishikwa na homa kali usiku. Zahanati ilikuwa umbali wa kilomita 14. Mjomba na mkewe walimbeba mgongoni kwa zamu mpaka alfajiri. Mtoto alipona, na hivi sasa ni mama mwenye watoto wake. Lakini mjomba hakusahau kwamba usiku ule baiskeli yake, yenye tairi zilizojaa upepo na mnyororo mzima, ilikuwa imelala kwa fundi ikisubiri nati chache zizungushwe.

Hebu basi tujiulize: ilikuwaje gurudumu zima likategemea kifaa kimoja kidogo namna hii? Hapo inatubidi tuanze mbali.

Gurudumu la mkokoteni lina mapao ya mti. Mzigo ukikaa juu ya ekseli, pao lililo chini husimama kama nguzo ya nyumba na kuubeba. Uzi wa chuma hauwezi kazi hiyo. Chukua spoki moja ya baiskeli, isimamishe mezani, uikandamize kwa kiganja: itapinda mara moja. Lakini ivute kwa ncha zake mbili, nayo itastahimili uzito wa mtu mzima na zaidi. Kwa hiyo gurudumu la spoki hufanya kazi kwa kuvutwa. Kila spoki huivuta ringi kuelekea kwenye habu, yaani kile kitovu cha gurudumu, na kwa kuwa spoki zimevutana kwa mizani, ringi hubaki duara. Mwaka 1981 mhandisi mmoja aitwaye Jobst Brandt alichapisha kitabu kizima juu ya gurudumu la baiskeli, akieleza kwamba baiskeli ikipakiwa mzigo, spoki za chini hupunguza mvuto wake kidogo, na kwamba huko kupungua ndiko kunakoubeba mzigo. Wahandisi wamebishana sana juu ya namna ya kulieleza jambo hili, nami sitawaingiza katika ugomvi wao. Linalotuhusu sisi ni kwamba mvuto wa spoki ndio uhai wa gurudumu, na mvuto huo lazima mtu aweze kuuongeza na kuupunguza.

Wazo la gurudumu la kuvutwa lilikuwapo kabla ya baiskeli yenyewe. Mwingereza George Cayley, aliyekuwa akihangaika na mitambo ya kuruka angani, alilifikiria mwaka 1808 kwa sababu alitaka gurudumu jepesi. Lakini baiskeli za kwanza zenye pedeli, zile zilizotengenezwa Paris katika miaka ya 1860, zilikuwa na magurudumu ya mti yaliyovishwa ukanda wa chuma. Waingereza walizipachika jina la vitikisa mifupa, na aliyepata kupanda mkokoteni kwenye barabara ya mawe hahitaji kuelezwa sababu. Pao la mti likipasuka, mwenye chombo hakuwa na la kufanya. Ilibidi kumtafuta seremala wa magurudumu mwenye tanuri la kupasha ukanda moto.

Mwaka 1869 fundi mmoja wa Paris, Eugène Meyer, alipata hataza ya gurudumu la spoki za waya ambazo kila moja iliweza kukazwa peke yake. Mwaka uliofuata, mjini Coventry huko Uingereza, James Starley na William Hillman walipata hataza ya baiskeli yao waliyoiita Ariel. Starley alikuwa mtoto wa mkulima aliyetoroka nyumbani akiwa kijana na baadaye akawa bingwa wa cherehani, na ni katika kiwanda cha cherehani ndipo alipoangukia kwenye baiskeli. Gurudumu la Ariel lilikuwa na spoki za waya, na katikati mlikuwa na vipande viwili vya chuma kama mikono. Ukiivuta ile mikono, habu ilijizungusha kidogo ndani ya ringi, na spoki zote zikakazika kwa pamoja.

Kwa kusikia tu, mtu angesema ya Starley ndiyo bora. Kwa nini uhangaike na spoki moja moja, ilhali unaweza kuzikaza zote mara moja? Lakini gurudumu haliharibiki pote kwa pamoja. Huharibika mahali pamoja, pale lilipogonga jiwe au lilipotumbukia shimoni. Kukaza spoki zote ili kutibu mbili zilizolegea ni kama kukimeza dawa kijiji kizima kwa sababu ya mgonjwa mmoja: mgonjwa huenda akapata nafuu, na wazima wakaugua. Njia ya spoki moja moja ndiyo iliyoshinda, na leo mikono ya Ariel utaiona katika majumba ya makumbusho tu.

Hata hivyo, bado palikuwa na swali la mahali pa kukazia. Katika baiskeli nyingi za gurudumu kubwa za miaka ya 1870 na 1880, spoki zilitoka kwenye habu moja kwa moja kama miale ya jua, na ncha yake yenye hesi ilifungwa ndani ya habu yenyewe. Spoki ikikatika hapo, kipande kilibaki kimenasa ndani, na ilibidi kukitoboa kwa keekee. Hiyo si kazi ya mtu wa kawaida uani kwake. Mwaka 1874 Starley alipata hataza nyingine, na hii ndiyo inayomstahilia heshima kuliko Ariel. Aliziinamisha spoki, nyingine zikaelekea mbele na nyingine nyuma, zikipishana kama miyaa ya mkeka. Faida yake ni kwamba mguu unapokanyaga pedeli na habu ikataka kuzunguka, kuna spoki zinazoshika na kuvuta ringi, badala ya zote kujipinda. Na gurudumu la namna hii lilipokomaa, spoki ikawa na kichwa kilichopinda upande wa habu, na nati ndogo upande wa ringi. Kichwa hukaa kimya. Kazi yote ya kukaza na kulegeza ikahamia nje, kwenye ringi, mahali ambapo mkono wa mtu yeyote unafika bila kufungua kitu.

Nati yenyewe ni ya kustaajabisha kwa udogo wake. Mara nyingi ni ya shaba iliyopakwa nikeli, na shina lake lina pande nne ambazo, kwa spoki nyingi za unene wa milimita 2, hupishana kwa milimita tatu na kidogo. Hesi zake ni laini mno: 56 katika kila inchi. Maana yake ni kwamba ukiizungusha nati mzunguko mzima, spoki inavutwa kwa milimita 0.45 tu, na ukiizungusha robo, ni kama milimita 0.11, ambayo ni unene wa karatasi. Hapo ndipo mnapoona kwa nini spana ya kawaida haifai wala koleo halifai. Koleo huitafuna ile shaba mpaka pande nne zinakuwa mviringo, na nati ikishakuwa mviringo, hata fundi bingwa hana pa kushika. Ufunguo wa spoki huishika nati kwenye pande zake bila kucheza, na kwa kuwa ni mfupi, mtu hawezi kutumia nguvu nyingi hata akitaka. Aliyeutengeneza alijua tabia za wanaume.

Baiskeli ya kisasa, ile yenye magurudumu mawili yanayokaribiana kwa ukubwa na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma, ilipata umbo lake mwaka 1885 kwa Rover ya John Kemp Starley, mpwa wa James. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo mjini Belfast, akaleta tairi la upepo. Katika miaka iliyofuata baiskeli ilishuka bei na kutoka mikononi mwa vijana wa matajiri. Wakainunua makarani, wafanyakazi wa viwandani na wanawake, watu walioishi mbali na karakana. Ndipo baiskeli ikauzwa na mkoba mdogo wa ngozi nyuma ya kiti, wa kuwekea zana.

Mwanzoni mwa karne ya 20 wahandisi wa baiskeli wa Uingereza walikubaliana juu ya vipimo vya hesi, pamoja na hesi za spoki. Si kila kiwanda kilipenda. Kampuni ya Raleigh ya Nottingham, kwa mfano, iliendelea kutumia hesi zake yenyewe katika sehemu kadhaa za fremu, na mafundi wengi wamelaani kimoyomoyo kwa ajili hiyo. Lakini spoki ziliponea. Baiskeli ya Kiingereza ikawa na desturi yake ya spoki 32 mbele na 40 nyuma, kwa sababu nyuma ndiko mzigo unakokaa, na desturi hiyo ikasafiri na meli. Ilikuja kwetu Afrika Mashariki. Ilikwenda India, ambako kampuni ya Hero ilianza kutengeneza baiskeli mjini Ludhiana mwaka 1956, na ilikwenda China, ambako Shanghai ilitoa Phoenix. Ndiyo maana fundi wa Shinyanga, ambaye hakupata kuiona Nottingham wala Shanghai, aliweza kunyoosha magurudumu ya baiskeli zote hizo kwa ufunguo mmoja wa kiunoni. Yale mapengo mengi ya ufunguo ni kwa ajili ya nati za unene mbalimbali, na kazi ya kwanza ya anayejifunza ni kutafuta pengo linaloingia kwa kubana. Pengo linaloingia kwa urahisi litaitafuna nati kama koleo tu.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Baiskeli hupinduliwa ikae juu ya kiti na usukani. Fundi hushika kipande cha chaki au kijiti kwenye uma, karibu na ringi, kisha akalizungusha gurudumu polepole. Ringi inapogusa chaki, hapo ndipo ilipoinamia. Kama imeinamia kushoto, hukaza spoki zinazotoka upande wa kulia wa habu, robo mzunguko, na kulegeza za kushoto kidogo. Huzungusha tena, hutazama tena. Haraka haraka, kama tujuavyo, haina baraka, na hapa haina hata kidogo, maana ukikaza spoki moja mizunguko miwili umehamisha kosa tu, au umelifanya gurudumu liwe na umbo la yai.

Kuna mtego mmoja unaowanasa karibu wote wanaoanza. Nati ya spoki hukazwa kama skrubu nyingine yoyote, kwa kufuata mshale wa saa, lakini ukiitazama kutoka upande wa tairi. Mtu aliyeinama juu ya baiskeli mara nyingi huitazama kutoka upande wa habu, na kutoka huko mambo yote yamegeuka. Anadhani anakaza, kumbe analegeza. Dawa yake ni kuvua mpira, kuiangalia nati mara moja kwa upande wa ringi, na kuufundisha mkono. Mkono ukishajifunza hausahau.

Fundi mzuri huziamini pia sikio zake. Ukizigonga spoki kwa kucha, huimba kama nyuzi za zeze. Spoki za upande mmoja zinapaswa kutoa sauti inayokaribiana, na ile inayotoa sauti nzito na ya uvivu imelegea. Spoki iliyolegea ndiyo adui. Watu wengi hudhani spoki hukatika kwa sababu imekazwa mno, na ukweli mara nyingi ni kinyume chake. Gurudumu la inchi 28 huzunguka karibu mara 4,500 katika safari ya kilomita 10, na katika kila mzunguko kila spoki hulegea inapofika chini na kukazika inapopanda. Ile ambayo tayari ni legevu huchezacheza pale ilipopinda kwenye habu, kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa mpaka unakatika. Ikikatika moja, jirani zake hubeba zaidi, na mlango umefunguliwa.

Waulize waliofanya kazi ya boda-boda ya baiskeli pale Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako kuanzia miaka ya 1960 vijana walipakia abiria na mizigo kuwavusha kutoka mpaka hadi mpaka. Keria yenye mto wa kukalia, mtu mzima juu yake, na pengine gunia. Gurudumu la nyuma la baiskeli ile lilikuwa ndiyo shamba na ndiyo duka. Siku likipinda hapakuwa na nauli. Baadaye pikipiki zimechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo, lakini bado kuna sehemu nyingi, Usukumani zikiwamo, ambako baiskeli ndiyo inayopeleka maziwa, mkaa, maji na mgonjwa.

Nirudi kwa mjomba. Baada ya usiku ule hakugombana na fundi, na mimi pia sitamlaumu fundi huyo hapa. Ule ufunguo ulikuwa mtaji wake, na katika mwaka ule asingepata mwingine dukani. Mjomba alichofanya ni kwenda kukaa kwenye kibanda siku nzima ya gulio lililofuata, akisaidia kushika magurudumu na kutazama. Fundi hakumfukuza. Nadhani alijua fika mzee amefuata nini. Mjomba aliporudi nyumbani na baiskeli yake alichukua kipande cha jembe lililokwisha, akakikata ukubwa wa kidole gumba, akakitia pengo kwa ncha ya tupa. Pengo la kwanza lilikuwa pana mno. Alikata lingine upande wa pili, akilipimia kwenye nati ya baiskeli yake mwenyewe, akipiga tupa mara mbili na kujaribu, mara mbili na kujaribu, mpaka likaingia kwa kubana. Ilimchukua jioni tatu. Kuanzia hapo alinyoosha magurudumu yake mwenyewe, na ya majirani kwa yai au kwa asante. Mimi nilifundishwa na yeye, nami niliharibu ringi moja ya jirani katika kujifunza, jambo ambalo mjomba alilifidia bila kunitaja.

Kipande kile cha jembe ninacho mimi sasa. Juzi jirani yangu mmoja, kijana anayependa mashindano ya baiskeli, aliniletea gurudumu lake jipya lililopinda. Nililipokea kwa majivuno ya mzee anayejua kazi. Nikatafuta nati kwenye ringi: hakuna. Katika magurudumu kadhaa ya kisasa nati zimefichwa ndani ya ringi ili upepo uteleze vizuri, na kuzifikia ni lazima uvue tairi na utumie ufunguo mwingine, wa namna ya bomba, unaoingia kwa juu. Spoki zenyewe zilikuwa bapa, na hizo hutaka kifaa kingine tena cha kuzishika zisijisokote wakati nati inazungushwa. Sisemi gurudumu lile ni baya. Ni jepesi ajabu, na kwa mashindano sekunde chache ni mali. Lakini kijana aliniambia alikuwa ameshalipeleka dukani, akaambiwa aliache, arudi baada ya juma moja.

Nilimwuliza kama aliomba aazimwe ufunguo. Alicheka tu. Tukavua tairi, tukapata kipande cha bomba la chuma cha upana unaokaribia, na sasa tupa yangu iko kwake. Jana usiku alikuwa bado anapiga mara mbili na kujaribu.